Oasis uwanjani au WITCH ukumbini: bendi ya zamani ikirudi, uende wapi?

"Shem, imefika mia tatu hamsini na tano. Tunabonyeza au tunaacha?"

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 31 Agosti 2024. Tangu saa tatu asubuhi mimi na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tulikuwa kwenye foleni ya mtandaoni ya tiketi za Oasis, yeye akiwa Manchester na mimi Birmingham, simu kwenye chaja na chai imepoa. Tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa kama pauni 150 ilikuwa imepanda hadi 355 zamu yetu ilipofika, na tovuti ikatupa dakika chache tu za kuamua.

Hatukubonyeza. Shemeji alininunia wiki nzima.

Mwisho wa yote Oasis tulikwenda, kwa bei nyingine na kwa njia nyingine, nitaeleza. Na kabla ya hapo nilikuwa nimeshaiona bendi nyingine iliyofufuka, WITCH ya Zambia, katika ukumbi mdogo wa London ambao ukiinua mkono unakaribia kugusa taa. Zote mbili nazipenda tangu zamani. Zote mbili zilikuwa zimevunjika kiasi kwamba aliyesema zitarudi alionekana anaota. Ukiniuliza leo ipi kati ya safari hizo mbili inastahili pesa yako, jibu langu litategemea unakwenda kutafuta nini, na ndiyo maana naziweka hapa ubavu kwa ubavu. Maswali ya namna hii hayaishi. Rush wa Kanada nao wametangaza ziara ya 2026, miaka sita baada ya kifo cha mpiga dramu wao Neil Peart. Kila mwaka kuna mtu mahali fulani anatazama bei kwenye simu na kujiuliza.

Kwanza tujue nani ni nani

Oasis ni vijana wa Manchester, bendi ya mwaka 1991, iliyotoa albamu ya kwanza Agosti 1994 na ya pili Oktoba 1995. Agosti 1996 walipiga usiku mbili Knebworth mbele ya watu 125,000 kila usiku. Wenye bendi ni ndugu wawili wa tumbo moja, Noel Gallagher anayetunga na Liam Gallagher anayeimba, na ugomvi wao ulikuwa maarufu karibu sawa na nyimbo. Tarehe 28 Agosti 2009, wakiwa Paris na saa ya kupanda jukwaani imefika, waligombana nyuma ya pazia, gita likavunjwa, Noel akaondoka. Miaka kumi na tano ya maneno makali magazetini ikafuata. Agosti 2024 wakatangaza kurudi, na tarehe 4 Julai 2025 wakaanza Cardiff ziara ya maonyesho 41.

WITCH ni habari nyingine kabisa. Jina ni herufi za mwanzo za maneno yanayomaanisha kwamba wanakusudia kuleta vurumai. Walitokea Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mji wa Kitwe na Ukanda wa Shaba mzima ulikuwa na pesa za migodi na vijana wenye nywele za duara na suruali za miguu mipana. Magita yao yalikoroma kama ya Wazungu huku mdundo ukibaki wa nyumbani. Muziki huo ndio unaoitwa Zamrock. Albamu yao ya kwanza, ya 1972, inatajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake kutolewa kibiashara Zambia. Kiongozi wao, Emmanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger, jina likamganda hadi leo.

Kilichowavunja WITCH si ugomvi wa ndugu. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970 na nchi ikakaukiwa. Vita vya ukombozi vya majirani vikaleta usiku wa giza na wa kutotoka nje, na bendi inayoishi kwa kupiga usiku haiwezi kula. Kisha ukaja UKIMWI, ukawazoa wanamuziki wa Zamrock mmoja baada ya mwingine. Jagari alikuwa ameshaiacha bendi, akafundisha muziki, akaishia kwenye machimbo ya vito. Miaka ya 2010 lebo moja ya Marekani ilipozitoa upya sahani zao, vijana wa Ulaya wakaanza kuuliza huyu mzee yuko wapi.

Mimi sikuwajua WITCH kwa vijana wa Ulaya. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, makazi Mbeya, na reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi ilikuwa inaleta vitu vingi zaidi ya vile vilivyoandikwa kwenye hati za mizigo. Santuri mbili za Kizambia zilikuwa ndani ya kabati la vyombo, zimefungwa kwa kitenge, na mtoto aliyezigusa alijua kitakachomkuta.

Nani hasa amerudi?

Hili ndilo swali la kwanza kumuuliza yeyote anayekuuzia tiketi ya bendi iliyorudiana, na watu wengi huliruka kwa sababu ya jina kubwa kwenye bango.

Kwa Oasis jibu ni zuri lakini halijakamilika. Ndugu wote wawili walikuwepo, na hao ndio unaowalipia. Alikuwepo Bonehead, mpiga gita wa kikosi cha kwanza kabisa. Gem Archer na Andy Bell, walioingia mwaka 1999 waasisi wengine walipoondoka, walikuwepo pia. Kwenye dramu alikaa Mmarekani Joey Waronker, ambaye hakuwahi kuwa Oasis kabla ya hapo. Mpiga dramu na mpiga besi wa kikosi cha kwanza hawakuwemo. Halafu, ziara ilipofika Asia na Australia, Bonehead naye akapumzika kwa matibabu ya saratani. Kwa hiyo hata ndani ya ziara moja, aliyenunua Cardiff na aliyenunua Sydney hawakuona kikosi kimoja.

Kwa WITCH, wa kikosi cha miaka ya 1970 ni mmoja tu: Jagari mwenyewe, mwenye miaka sabini na kitu. Patrick Mwondela wa kinanda ni mtu wa WITCH ya baadaye, ile iliyogeukia disko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Besi anapiga Mholanzi, Jacco Gardner, na kwenye dramu naye ni Mholanzi. Mtu akikwambia hiyo si WITCH, hana kosa la moja kwa moja.

Lakini sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tuna kipimo chetu katika jambo hili. Gurumo alitoka Msondo akaenda Sikinde, akapita Orchestra Safari Sound (OSS), akarudi Msondo, na hakuna aliyesema bendi imekufa; tulisema "kahama", tukamfuata au tukabaki. Bendi kwetu imekuwa kama timu. Swali ni kama mtindo bado uko, kama ukifumba macho unajua ni nani wanapiga. Kwa kipimo hicho WITCH walifaulu mtihani wangu ndani ya wimbo wa pili.

Nilimrekodia baba kipande cha dakika moja, nikamtumia WhatsApp. Jibu lilikuja asubuhi yake, sauti ya mzee aliyekwishakunywa uji: "Mpiga besi Mzungu? Anajua. Ila anawahi kidogo." Nikasikiliza tena. Kweli, alikuwa anawahi kidogo.

Kuna njia ya tatu, ya kumweka mtoto kwenye kiti cha baba. Led Zeppelin walifanya hivyo tarehe 10 Desemba 2007 London, Jason Bonham akipiga dramu za marehemu baba yake. Lilikuwa onyesho moja tu. Wale ambao hawakupata tiketi hawakupata nafasi nyingine, na hili likumbuke unapoambiwa usubiri ziara ijayo.

Pesa

Tuanze na WITCH kwa sababu ni fupi: tiketi yangu haikufika pauni 30, niliinunua siku nne kabla, nikaenda kwa basi la usiku na nikarudi kwa basi la usiku. Basi.

Oasis inahitaji maelezo. Bei ya kupanda kadiri watu wanavyogombea ndiyo iliyotukimbiza asubuhi ile, na hatukuwa peke yetu. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Septemba 2024 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikafungua uchunguzi wa jinsi tiketi zile zilivyouzwa, na mwaka uliofuata muuzaji akakubali kuwaeleza wateja bei mapema na kwa uwazi zaidi. Kwa hiyo mtu anayenunua leo yuko kwenye hali nafuu kidogo kuliko yetu. Kidogo tu. Mwendo wa moyo unapoona saa inahesabu kurudi nyuma haujabadilishwa na mamlaka yoyote.

Kilichotuokoa ni subira. Miezi ilipita, watu wakaachana, wakahama kazi, wakapata watoto, wakakumbuka kwamba siku hiyo kuna harusi. Tiketi zao zikarudi kwenye tovuti rasmi ya kuuziana, ile isiyoruhusu kuzidisha bei ya awali. Wiki moja kabla ya onyesho la Heaton Park, Manchester, saa tano usiku, shemeji akapata mbili. Tukalipa bei ya mwanzo pamoja na ada. Wakati huohuo walanguzi walikuwa bado wanataja bei ambazo ukizisikia unashika kichwa, na baadhi yao hawakuwa hata na tiketi mkononi.

Ushauri wangu wa pesa ni huu: kwa ziara ya uwanjani, weka dari kabla ya siku ya mauzo, iandike kwenye karatasi, na ikivukwa funga kompyuta. Halafu anza kuvizia tovuti rasmi ya kuuziana wiki mbili za mwisho. Kwa bendi ya ukumbi mdogo fanya kinyume chake, nunua mapema, kwa sababu ukumbi wa watu mia tatu ukijaa umejaa, na wenye tiketi hawaziachii.

Usisahau vitu vya pembeni. Vyumba vya wageni Manchester wikiendi ile vilikuwa na bei za Krismasi. Sisi tulilala kwa shemeji, chini, kwenye godoro la watoto.

Macho na masikio

Mimi ni mfupi. Futi tano na inchi mbili, na viatu.

Heaton Park ni bustani ya wazi, si uwanja wa mpira, na usiku ule wa tarehe 12 Julai tulikuwa watu kama elfu themanini. Tulisimama katikati, karibu na mnara wa spika. Liam nilimwona kwa macho yangu mara tatu, kila mara kwa sekunde chache, mtu mdogo kama njiti ya kiberiti aliyevaa koti kubwa kwenye joto lile. Mengine yote niliyaona kwenye skrini. Skrini zilikuwa nzuri sana, sikatai. Lakini uwe mkweli na nafsi yako kabla hujalipa: uwanjani, mtu wa kimo changu anakwenda kutazama televisheni kubwa na marafiki wengi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, wakati picha ya skrini inakufikia papo hapo. Ukiwa mita mia moja kutoka jukwaani, sauti ya jukwaani inakuja imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Unaona fimbo inapiga dramu, kishindo kinafuata baadaye. Ndiyo maana wanasimamisha minara ya spika katikati ya umati na kuichelewesha kwa hesabu, ili sauti yake ifike pamoja na ile ya mbele. Ukisimama karibu na mnara unasikia safi. Ukisimama kati ya minara, na upepo ukivuma, mwimbaji anakuja na kuondoka kama redio ya masafa mafupi. Kwa hiyo uwanjani usikimbilie mbele. Tafuta mnara.

Ukumbini kwa WITCH nilisimama hatua nne kutoka kwa Jagari. Niliona jasho likidondoka kwenye ukingo wa kofia. Niliona mpiga gita akikanyaga kile kidude cha kukoromesha sauti, taa yake nyekundu ikawaka, na nusu sekunde baadaye kifua changu kikatetemeka. Wapiga gita wawili walitazamana kabla ya kubadilisha, mmoja akatikisa kichwa kwamba bado, wakazunguka tena mara moja, ndipo wakashuka pamoja. Vitu kama hivyo hakuna skrini itakayokuonyesha, kwa sababu anayeelekeza kamera anatafuta uso wa mwimbaji.

Ila ukumbi mdogo una hatari yake: uko karibu mno na spika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti kwenye kumbi usizidi desibeli 100, na mimi sina uhakika ukumbi ule uliusoma. Nilitoka masikio yakilia kama nzi yuko ndani, yakalia hadi kesho yake jioni. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuivuruga. Vya sponji vinageuza kila kitu kuwa muziki wa chumba cha jirani.

Nyimbo zenyewe

Hapa Oasis wanashinda na kushindwa kwa sababu ileile. Orodha yao ya nyimbo haikubadilika kutoka mji hadi mji, na haikuwa na wimbo mpya hata mmoja. Nusu na zaidi zilitoka miaka ile mitatu ya dhahabu ya katikati ya tisini. Aliyekuja kusikia ujana wake aliupata wote, umepangwa vizuri, bila kukatishwa na "sasa tunawapigia moja kutoka albamu yetu mpya", maneno yanayopeleka nusu ya uwanja kwenye foleni ya choo. Lakini ukinunua usiku mbili, umenunua kitu kimoja mara mbili. Jamaa mmoja niliyekutana naye kwenye tramu alikuwa ameshaenda mara nne. Nilimheshimu, sikumwelewa.

WITCH walirudi na kazi mpya. Baada ya miaka mingi bila albamu walitoa Zango mwaka 2023, iliyorekodiwa Lusaka, na nyingine, Sogolo, ikafuata 2025. Ukumbini zile za zamani zilichanganywa na mpya, na kwa kuwa wasikilizaji wengi walikuwa vijana ambao zote kwao ni mpya, hakuna aliyekwenda chooni. Nyimbo zilirefushwa, zikafupishwa, moja ilianza vibaya na Jagari akaisimamisha kwa mkono, akacheka, wakaanza tena. Kama unataka wimbo usikike kama ulivyo kwenye santuri, hapo utaudhika. Mimi ndicho nilichokwenda kutafuta.

Umati

Nilikuwa nimeiweka sehemu hii ya mwisho kabisa na fupi. Nilipoanza kuandika nikagundua ndiyo inayoamua.

Katikati ya onyesho la Oasis, Liam akawaamuru watu wageuke. Ni mchezo wa mashabiki wa Manchester City, walioupata kwa Wapolandi wa Poznań mwaka 2010: unaligeuzia jukwaa mgongo, unashika mabega ya mtu wa kulia na wa kushoto, unaruka. Watu elfu themanini wakageuka. Kulia kwangu alikuwa shemeji. Kushoto alikuwa mzee wa Kiingereza mwenye tumbo na fulana ya 1996 iliyombana, ambaye tangu saa kumi alikuwa hajatusemesha. Akanishika bega, nikamshika. Gita likaingia na ardhi ikaanza kutikisika chini ya miguu, nasema ardhi ile ya majani, niliisikia kwenye magoti. Kwa dakika tano nzima hakuna aliyekuwa anawatazama wanamuziki tuliowalipia, na hakuna aliyejali.

Baadaye, kwenye ule wimbo wa Noel ambao kila mtu Manchester anaujua kama sala, Noel mwenyewe hakuimba kiitikio. Aliacha gita peke yake. Yule mzee alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye masharubu. Shemeji, aliyefika Manchester akiwa na miaka kumi na mbili bila Kiingereza cha kutosha kuombea maji, aliniambia baadaye kwamba nyimbo hizo ndizo alizojifunzia lugha, kwa kanda aliyopewa na kijana wa jirani. Kwake hilo halikuwa onyesho. Alikuwa anasoma tena daftari lake la shule pamoja na mji mzima.

WITCH hawana hicho, na hawawezi kukipata. Watu wanaozijua nyimbo zao kwa moyo wako Kitwe, Ndola na Lusaka, na wengi wameshatangulia mbele ya haki. London tulikuwa mimi, kundi dogo la Wazambia waliojipanga mbele na bendera, na vijana wengi wazuri wenye masharubu ya makusudi waliozigundua sahani hizo kwenye intaneti. Wakacheza vizuri, kwa heshima. Lakini kiitikio cha Kibemba kilipofika, tulioimba tulikuwa kama kumi na wanane, na Jagari alitusogelea akatuelekezea kipaza sauti, mmoja mmoja.

Kuna watu waliopata umati wa Oasis bila kulipa chochote. Nje ya uzio wa onyesho, mlemle Heaton Park, kuna kilima, watu wakaenda na vigoda na makopo yao wakasikiliza bure, wakakiita Kilima cha Gallagher. Siku chache baadaye halmashauri ikakizungushia uzio. Nilipopita pale jioni ile, mama mmoja alikuwa anacheza na mwanawe wa miaka kama minne begani, na kutoka alipokuwa haoni chochote isipokuwa mwanga. Sidhani kama alikosa sehemu kubwa ya kile nilichokipata mimi.

Kwa aliye nyumbani au Ghuba

Ziara ya Oasis ya 2025 haikugusa Afrika hata mara moja. Ilipita Ulaya, Amerika zote mbili, Korea, Japani na Australia. Ukihesabu viza, ndege na malazi kutoka Dar au Nairobi, tiketi yenyewe inakuwa kitu kidogo kwenye hesabu. Singekushauri, labda uwe na ndugu wa kukupokea na sababu nyingine ya safari. Bendi kubwa zilizorudiana huwa zinasogea jirani mara mojamoja: Guns N' Roses, baada ya Slash wa gita na Duff McKagan wa besi kurudi, walipiga Dubai Machi 2017 na Johannesburg Novemba 2018. Kwa jamaa wa Muscat na Dubai hiyo ilikuwa safari ya gari. Kwa wa Dar, Johannesburg ni ndege moja. Macho yako yawe kwenye miji hiyo miwili, acha London.

Na Zamrock si mgeni Afrika Mashariki. Musi-O-Tunya, wenzao WITCH wa enzi zile, walikaa na kupiga Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukiwa na mjomba aliyekuwa mtu wa mjini wakati huo, muulize. Inawezekana aliwaona kwa bei ya soda.

Basi uchague vipi?

Kama nyimbo za bendi hiyo unazijua zote kwa kichwa na kuna mtu fulani ungependa kuziimba naye, nenda uwanjani, nenda na mtu huyo, na ununue tiketi ya bei ya chini kabisa iliyopo. Tiketi ya mbele ya mia tatu na ushee inakununulia mita hamsini na msongamano, wala haikuongezei umati, ambao ndio bidhaa. Peke yako usiende. Nimewaona waliokwenda peke yao, wakati wa kurukaruka wakitafuta bega la kushika.

Kama unachopenda ni muziki wenyewe, vidole na makosa yake, au kama mwenye bendi ana miaka sabini na kitu, nenda ukumbini na uende mwaka huu. Peke yako inafaa kabisa. Wahi, simama pembeni kidogo ya spika, siyo mbele yake.

Na kama bendi ni ile iliyorudi na jina tu, bila mtunzi wala mwimbaji, kaa nyumbani usikilize santuri. Hapo sina cha kulinganisha.

Shemeji amenitumia ujumbe juzi. Kuna bendi nyingine ya ujana wake imetangaza kurudi, mauzo ni Jumamosi. "Shem, saa tatu kamili?"

Nimemjibu: viti vya juu, mwisho pauni 80, ikizidi hapo nazima simu naenda sokoni. Na yeye kwa upande wake amekubali sharti langu, kwamba WITCH wakija tena anapanda basi la usiku na mimi. Nimeshamtumia nyimbo sita. Cha Kibemba bado anakitamka kama Mwingereza, lakini kiitikio amekishika.